Siku Khalid bin Walid alipovuliwa uamiri jeshi

Hapa mjini kuna swali ambalo kila mwenye shida huulizwa kabla hajamaliza kuieleza: una mtu pale? Miaka kadhaa iliyopita nami nilikuwa na mtu. Nilikuwa na mgogoro wa kiwanja, na jamaa yangu mmoja alikuwa na cheo katika ofisi lilikokuwa faili langu. Nikalala usingizi mnono. Hata dua nikaipunguza, Allah anisamehe. Siku niliposikia amehamishiwa mkoa mwingine, miguu iliniisha nguvu. Usiku ule ndipo nilipomkumbuka Sahaba Khalid bin Walid (r.a).

Khalid alikuwa Mquraishi wa ukoo wa Makhzum. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), alikuwa bado upande wa washirikina. Wapiga mishale wengi wa Kiislamu walipoacha kilima walichoamrishwa kukilinda, yeye ndiye aliyezunguka na wapanda farasi wake akawapiga Waislamu kwa nyuma. Alisilimu mwaka wa 8 Hijria (629), na haikupita miezi mingi akaenda vitani Mu'ta akiwa askari wa kawaida katika jeshi la watu 3,000. Makamanda watatu walioteuliwa na Mtume (s.a.w), yaani Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha (r.a), waliuawa mmoja baada ya mwingine. Bendera akapewa Khalid. Panga tisa zilivunjika mkononi mwake siku ile, na akafanikiwa kulirudisha jeshi Madina. Tangu hapo akajulikana kwa jina la Upanga wa Mwenyezi Mungu.

Mwaka huo huo likaja somo la Hunain. Waislamu walitoka wakiwa 12,000, idadi ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na baadhi yao wakajiona hawawezi kushindwa. Khalid alikuwa katika kikosi cha mbele. Watu wa Hawazin waliokuwa wamejificha bondeni wakawamiminia mishale, na jeshi lile kubwa likatimka. Alibaki Mtume na watu wachache, mpaka Allah (s.w) alipoteremsha utulivu na nusura yake. Surat Tawba, aya ya 25, inatukumbusha kuwa wingi ule haukuwafaa kitu.

Hii haina maana kwamba Khalid alikaa akingoja miujiza. Mwaka 634, alipoamrishwa kutoka Iraq kwenda Sham, alikata jangwa lisilo na visima. Ngamia walinyweshwa maji mengi, kisha wakawa wanachinjwa njiani ili farasi wapate maji yaliyokuwa matumboni mwao. Hiyo ndiyo tawakkul: funga ngamia wako kwanza, kisha mtegemee Mola wako.

Lakini ushindi ulipofuatana, watu wakaanza kuamini kuwa alipo Khalid ndipo ulipo ushindi. Umar bin Khattab (r.a) alipokuwa Khalifa mwaka huo wa 634, uamiri mkuu wa Sham alimpa Abu Ubaida bin Jarrah (r.a). Khalid akaendelea kupigana chini yake, na Yarmuk mwaka 636 alikuwa mstari wa mbele. Mwaka wa 17 Hijria (638) Umar akamwondoa kabisa katika uongozi wa jeshi. Lilikuwapo suala la dirhamu 10,000 alizomtunuku Ash'ath bin Qais, akahojiwa juu yake. Hata hivyo Umar aliwaandikia watu wa miji mbalimbali kuwa hakumwondoa kwa chuki wala kwa khiyana. Alichelea watu wamefitinika naye, na akataka wajue kuwa mtendaji ni Mwenyezi Mungu.

Ndugu yangu msomaji, hebu jiweke mahali pa Khalid. Jeshi linampenda na jina lake linawatetemesha maadui. Angetaka, angegawa Waislamu pande mbili. Hakufanya hivyo. Aliondoka kimya, na akafa kitandani huko Hims, kwa kauli ya wanahistoria wengi, mwaka wa 21 Hijria (642). Mwili wake ulikuwa umejaa makovu ya panga, mikuki na mishale, naye akisikitika kuwa shahada aliyoitafuta vitani hakuipata.

Je, ushindi ulikoma? Mwaka huo huo wa 642 Waislamu walishinda Nahawand, na Misri ilikuwa tayari imefunguliwa kwa mkono wa Amr bin Al-As (r.a). Upanga uliwekwa chini, Mwenye upanga hakuondoka.

Nami asubuhi ile nilichukua karatasi zangu, ambazo muda wote zilikuwa kabatini, nikaanza kulifuatilia faili mwenyewe. Ilichukua muda mrefu na kwenda na kurudi kwingi. Nilichojifunza ni kwamba jamaa yangu hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa moyoni mwangu, kwa kumpa kiumbe nafasi ya Muumba.

Leo tuna watu wetu maofisini, tuna masheikh tunaowapenda, tuna viongozi tunaodhani bila wao mambo yetu yatakwama. Tuwaheshimu na tuwaombee dua. Lakini tukiona mmoja wao ameondolewa na mioyo yetu ikaanguka, tujiulize ilikuwa imeegemea wapi.

Wabillahi tawfiq.