Hans Meyer: Kutoka barafu ya Kibo hadi milima ya Burundi

Mkazi wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, akielekeza macho mashariki huiona milima ya Mumirwa ikipanda juu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1911 alifika Burundi Mjerumani mmoja aliyekuwa tayari mashuhuri kwa mlima mwingine. Huyo ni Hans Meyer, ambaye pamoja na Ludwig Purtscheller ndio watu wa kwanza kujulikana kufika kilele cha Kilimanjaro.

Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 mjini Hildburghausen, katika ukoo wa wachapishaji vitabu. Mwaka 1887 alijaribu kuupanda mlima huo, akazuiwa na ukuta wa barafu. Mwaka uliofuata alirejea na rafiki yake Oscar Baumann, mwanajiografia kutoka Austria. Safari hiyo iliingiliana na vita vya Abushiri bin Salim vya kupinga utawala wa Wajerumani katika pwani. Wawili hao walikamatwa, wakafungwa minyororo, na hawakuachiliwa mpaka fidia ilipolipwa.

Meyer hakukata tamaa. Mwaka 1889 alimchukua Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg na mpanda milima hodari. Safari hii alijiandaa vizuri zaidi: kwa ridhaa ya Mangi Marealle wa Marangu, alipanga kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula. Katika kambi ya juu alibaki nao Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyestahimili baridi kali huku wenzake wawili wakikabiliana na barafu.

Tarehe 3 Oktoba, wakiwa wamefungana kwa kamba moja na kuchonga vidato katika barafu kwa shoka, walifika ukingo wa kreta. Hapo wakabaini kwamba kilele kiko mbali zaidi na nguvu zimewaishia, wakateremka. Tarehe 6 Oktoba walirudi na kufika juu kabisa, mita 5,895. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40.

Kilele kilipewa jina la mfalme wa Ujerumani, na baadaye kikaitwa Uhuru. Heshima zote za wakati huo waliipata Wazungu wawili. Muini Amani na wapagazi wa Marangu, ambao bila wao kambi zisingekuwa na chakula, historia iliwasahau kwa muda mrefu.

Baumann ndiye aliyetangulia kufika Burundi, mwaka 1892, akitafuta chanzo cha Mto Nile. Alifariki mwaka 1899, na Purtscheller akamfuata mwaka 1900, baada ya ajali ya mlimani katika Alpi. Kwa hiyo Meyer alipokanyaga ardhi ya Burundi, wenzake wote wawili walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kutokana na safari hiyo aliandika kitabu kuhusu Warundi, kilichotoka mwaka 1916. Alifariki Leipzig mwaka 1929.

Leo, kwenye Mawenzi, ambako Meyer na Purtscheller walishindwa kufika kileleni, kuna vilele viwili vyenye majina yao. Waliofungwa kamba moja wakiwa hai wamebaki majirani hata baada ya kufa. Jina la Muini Amani linasubiri kutajwa pamoja nao.