Victor Lundula: kutoka sajenti hadi jenerali

KINDU – Victor Lundula alitumikia Force Publique wakati wa vita kuu ya pili, upande wa matibabu. Cheo chake hakikupita sajenti-meja, kwani Mkongomani hakuruhusiwa kuwa ofisa. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi lilikuwa na askari karibu 25.000, na maofisa wake, karibu 1.000, wote walikuwa Wabelgiji.

Tarehe 5 Julai, Jenerali Janssens aliwaambia askari kwamba uhuru hautabadilisha kitu jeshini. Wakaasi. Siku tatu baadaye Lundula, meya wa Jadotville (leo Likasi), alifanywa jenerali na mkuu wa jeshi. Makambini, askari walijichagulia maofisa kati ya masajenti. Lakini ofisa aliyewekwa na askari wake huogopa kuwakataza.

Septemba 1960 Lundula aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Mobutu, naye sajenti wa zamani. Lundula akaenda kuongoza jeshi la Stanleyville, leo Kisangani.

Tarehe 11 Novemba 1961, hapa Kindu, askari wa upande huo waliua Waitalia 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa. Kwa jina, mkubwa wao alikuwa Lundula. Walikuwa wameacha kutii.