Maisha ya Paulo Freire na Ufundishaji wa Kuunda Maneno

Mwalimu anapoandika silabi chache ubaoni na kuwataka wanafunzi waunde maneno mengi kadiri wawezavyo, huenda akadhaniwa kuwa anachezesha ili kipindi kipite. Paulo Freire wa Brazil aliutumia mchezo huo kuwafundisha watu wazima kusoma, na kampeni iliyotokana nao ilimfikisha gerezani. Kwa kuwa wanachuo wengi wa leo walizaliwa baada ya kufariki kwake, yafaa maisha yake yaelezwe kwa ufupi.

Freire alizaliwa Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil, tarehe 19 Septemba 1921. Wazazi wake walimfundisha kusoma uani, chini ya miembe. Ardhi ilikuwa ubao wake na vijiti vilikuwa chaki yake. Maneno aliyoandika yalikuwa yale yale aliyoyazungumza kila siku. Baadaye mtikisiko wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliifukarisha jamaa yake, na mwaka 1934 baba yake alifariki. Njaa ilimchelewesha masomoni. Alisomea sheria, lakini aliiacha mapema akashika ualimu. Mwaka 1944 alimwoa Elza, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemsaidia sana katika kazi yake.

Njia yake ya kufundisha

Freire alianza kwa kusikiliza usemi wa watu, kisha akachagua maneno machache yenye uzito katika maisha yao. Mojawapo lilikuwa tijolo, yaani tofali. Wanafunzi walitazama picha ya ujenzi na kuijadili kwanza. Ndipo neno lilipogawanywa katika silabi, na kila silabi ikawekwa pamoja na wenzake: ta, te, ti, to, tu, ja, je, ji, jo, ju, la, le, li, lo, lu. Kutokana na silabi hizo 15 wanafunzi waliunda maneno yao wenyewe, kama vile loja, maana yake duka, na luta, maana yake mapambano. Nyumbani waliendelea kutafuta mengine wakayaleta siku ya pili. Haikudhuru kama baadhi hayakuwa na maana, kwani kundi zima liliyapima. Jambo kubwa ni kwamba mwanafunzi alikuwa amegundua mwenyewe jinsi lugha yake inavyoandikwa.

Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kwa njia hiyo kwa muda wa saa 40 hivi. Wakati ule sheria za Brazil ziliwanyima kura wasiojua kusoma. Kwa hiyo kila msomaji mpya alikuwa mpiga kura mpya. Jeshi lilipotwaa serikali mwaka 1964, kampeni ilifutwa. Freire alifungwa siku zipatazo 70, kisha akaishi uhamishoni Bolivia, Chile, Marekani na Uswisi. Alirejea kwao mwaka 1980, akasimamia elimu ya jiji la São Paulo tangu 1989 hadi 1991, na akafariki tarehe 2 Mei 1997.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Tanzania, wakati taifa lilipokuwa katika kampeni ya kisomo chenye manufaa. Watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Funzo kwa walimu wetu

Kiswahili kinaifaa sana njia hii, kwa sababu silabi zake nyingi huishia na irabu. Tuchukue darasa la Mazwi, mjini Sumbawanga, katika nchi ya Ufipa inayolima mahindi, ulezi na maharage. Mwalimu aanze na neno kilimo, wanafunzi walizungumzie, kisha aandike jamaa za ka, la na ma. Humo watapata kulima, mali, mila, milima, kilele, kumi, kamili, na hata kalamu.

Mambo matatu yaangaliwe. Kwanza, silabi zenye konsonanti zaidi ya moja zisivunjwe: Sumbawanga ni su, mba, wa, nga. Silabi za namna hiyo zingoje mpaka zile nyepesi zizoeleke. Pili, anayeleta neno alitumie katika sentensi; alama zisitolewe kwa wingi wa maneno tu. Tatu, mtoto akileta neno la Kifipa asichekwe. Liandikwe kando, na darasa litafute maana yake kwa Kiswahili.

Mwalimu asiharakishe kuyataja maneno anayoyajua yeye. Akiyamaliza yote ubaoni, wanafunzi watabaki na kazi ya kunakili, na hiyo ndiyo kazi ambayo Freire alitaka kuwaondolea.