Mike Webster: shujaa wa Pittsburgh aliyeishia kulala kwenye pikapu

Msikilizaji, tulipozungumzia michezo na afya kwenye kipindi, jina la Mike Webster lilipita haraka na muda ukatubana. Hapa tunayasimulia maisha yake kwa kirefu, usome kwenye simu yako kwa nafasi.

Mike Webster alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ule mpira wenye umbo kama papai unaochezwa kwa mikono na miguu, wachezaji wakiwa wamevaa kofia ngumu. Alitwaa ubingwa wa nchi yake mara 4. Mashabiki walimpa jina la Iron Mike, yaani Mike wa Chuma. Lakini alipofariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50 tu, alikuwa hana mali, ndoa imevunjika, na kuna nyakati alikuwa akilala ndani ya gari lake. Kwa miaka mingi mashabiki walibishana: amepatwa na nini mtu huyu? Jibu lilikuja baada ya kifo chake, na aliyelipata ni daktari kijana kutoka Nigeria.

Mtoto wa shamba la viazi

Webster alizaliwa tarehe 18 Machi 1952 katika mji mdogo wa Tomahawk, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Huko majira ya baridi ni marefu na theluji haina mchezo. Alikulia kwenye shamba la viazi, akazoea kazi za sulubu tangu utotoni. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin na kuichezea timu ya chuo.

Mwaka 1974 alichaguliwa na timu ya Pittsburgh Steelers katika utaratibu wa timu za ligi kuu ya Marekani, NFL, kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Hakuwa chaguo la mwanzo. Alichukuliwa raundi ya 5, akiwa mchezaji wa 125, kwa sababu wengi walimwona mdogo wa umbo kwa nafasi aliyocheza. Hapo tunazungumzia mtu wa zaidi ya kilo 100! Akajibu kwa mazoezi, mpaka nguvu zake zikawa gumzo hata kwa wenzake.

Jiji la Pittsburgh lilijengwa na viwanda vya chuma, na jina Steelers linatokana na chuma hicho. Mashabiki wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani. Walipomwona Webster akicheza kwenye baridi kali na mikono wazi, bila shati la ndani la mikono mirefu, walijiona wao wenyewe.

Kazi ambayo haina sifa

Ili kuelewa kilichompata, ni vizuri kuelewa kazi yake uwanjani. Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa vipande vifupi vya sekunde chache. Timu mbili hupangana uso kwa uso. Katikati ya safu ya timu yenye mpira huinama mchezaji mmoja, senta, naye huupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda kwa mwenzake aliye nyuma, ambaye ndiye mrushaji. Hapohapo senta anainuka kwa nguvu na kumzuia mpinzani anayekuja mbio kumwangusha mrushaji.

Senta hafungi. Akifanya kazi vizuri hakuna anayemtaja, na akikosea uwanja mzima unajua. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Webster akiwa na jezi namba 52, akimlinda mrushaji maarufu Terry Bradshaw.

Kila kipande cha mchezo kilianza na mgongano, na mara nyingi kilichotangulia kilikuwa kichwa. Mpaka mwaka 1977 sheria iliwaruhusu hata mabeki kumpiga mpinzani kofi la nguvu kwenye kofia ili kumyumbisha. Halafu ongeza mazoezi ya kila wiki, ambako migongano ilikuwa ileile.

Pengine unajiuliza, si walivaa kofia ngumu? Walivaa. Kofia huzuia fuvu lisipasuke. Lakini chukua nazi uitikise sikioni: kifuu hakijapasuka, ila maji ndani unayasikia yakigonga huku na huku. Ubongo nao huchezacheza ndani ya fuvu kila kichwa kinapogongwa ghafla, na kofia haiwezi kuushika.

Miaka 17 bila kulalamika

Steelers walitwaa Super Bowl, fainali ya NFL, mara 4 ndani ya misimu 6, wa kwanza ukiwa msimu wa 1974 na wa mwisho msimu wa 1979. Webster alikuwa kwenye timu mara zote 4. Alichaguliwa mara 9 kwenye mechi ya nyota wa ligi. Kwa misimu 12, kuanzia 1974 mpaka 1985, alicheza mechi 177 mfululizo bila kukosa hata moja.

Jiulize maana yake. Katika mchezo ambao watu huvunjika mifupa kila wiki, mtu mmoja hakosi mechi misimu 12. Aliumia kama wengine, ila hakutoka. Na kila alipokataa kutoka alishangiliwa zaidi. Hakuna aliyekuwa akihesabu mapigo ya kichwa, kwa sababu mchezaji aliyeweza kusimama na kurudi kwenye mstari alihesabiwa kuwa mzima.

Alicheza Pittsburgh misimu 15, kisha akaenda Kansas City Chiefs kwa misimu miwili. Alistaafu baada ya msimu wa 1990, akiwa amecheza mechi 245 za ligi.

Kuporomoka

Matatizo yalianza kuonekana waziwazi baada ya kustaafu. Mtu aliyekuwa mpole na mwenye mipango alianza kusahau. Hasira zilimpanda bila sababu, kisha akaingia kwenye huzuni nzito. Fedha zilipotea katika biashara zilizokufa na madeni. Ndoa yake ikavunjika. Aliandika barua nyingi, kurasa kwa kurasa, nyingine hata watu wake wa karibu hawakuweza kuzielewa.

Kulikuwa na vipindi alivyolala kwenye pikapu yake, na vingine kwenye kituo cha treni cha Pittsburgh, jiji lilelile lililokuwa likimwimba. Mwili wote ulimuuma. Usingizi ulimkataa kiasi kwamba alitumia kifaa cha kupigia watu shoti ya umeme kujizimisha ili apate kulala kidogo. Meno yalipomtoka aliyarudisha kwa gundi kali. Mwanawe wa kiume, akiwa bado kijana mdogo, alihamia kwake kumtunza baba yake.

Mwaka 1997 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa futiboli lililopo Canton, jimbo la Ohio. Ndiyo heshima ya juu kuliko zote katika mchezo huo. Bradshaw alimtambulisha, na wakaigiza kwa mara ya mwisho ile pasi yao ya katikati ya miguu. Umati ulifurahi. Lakini Webster alipohutubia, hotuba ilirefuka na kupotea njia mara kwa mara. Waliomjua waliona kuna jambo.

Miaka miwili baadaye alikamatwa kwa kughushi cheti cha daktari ili apate dawa aliyokuwa akiitumia kuituliza akili yake. Mahakama ilimpa kifungo cha nje.

Hapo ndipo ubishi wa mashabiki ulipopamba moto. Wapo waliosema amelewa umaarufu na kutapanya fedha. Wapo waliosema ni madawa. Wengine walimtetea, wakauliza imekuwaje timu na ligi zilizovuna jasho lake zimemwacha hivyo. Pande zote mbili zilimpenda, na pande zote mbili zilikuwa zikibahatisha.

Madai ya mafao

Webster mwenyewe aliamini kichwa chake kimeharibiwa na mpira. Kwa msaada wa mwanasheria Bob Fitzsimmons, aliomba mafao ya ulemavu kutoka mfuko wa pensheni wa wachezaji. Madaktari waliompima walieleza kuwa ubongo wake umeumia. Mwaka 1999 bodi ya mfuko ilikubali kwamba ana ulemavu wa kudumu.

Mvutano ukahamia kwenye tarehe. Bodi ilisema ulemavu ulianza miaka kadhaa baada ya kustaafu, hivyo alipwe kiwango cha chini. Upande wake ulisema alishakuwa mlemavu tangu alipoacha mpira mwaka 1991. Kesi ilikwenda mahakamani na kuchukua miaka. Familia ilishinda, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikauthibitisha ushindi huo. Malipo yalizidi dola milioni moja.

Yeye hakuwepo kuyapokea. Alifariki kwa maradhi ya moyo hospitalini Pittsburgh tarehe 24 Septemba 2002.

Daktari kutoka Nigeria

Mwili wake ulipelekwa ofisi ya uchunguzi wa vifo ya wilaya. Huko alikuwepo Dk. Bennet Omalu, mzaliwa wa kusini-mashariki mwa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1968 wakati vita vya Biafra vikiendelea. Alisomea udaktari nyumbani, kisha akaenda Marekani kuendelea na masomo. Futiboli ya Kimarekani haikuwa mchezo wake, na Webster hakumjua. Alichokuwa amekisikia ni habari za televisheni kuhusu shujaa aliyeharibikiwa.

Omalu alijiuliza swali ambalo mashabiki hawakuwa na uwezo wa kulijibu. Je, ikiwa mtu huyu alikuwa mgonjwa? Alipoutoa ubongo, kwa macho ulionekana wa kawaida. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliomba uhifadhiwe, ukatwe vipande vyembamba na kuchunguzwa kwa hadubini, akagharamia sehemu ya kazi hiyo kutoka mfukoni mwake. Ndani alikuta mrundikano wa protini iitwayo tau mahali ambapo haikupaswa kuwepo kwa mtu wa miaka 50.

Tangu mwaka 1928 madaktari walikuwa wameeleza hali inayowapata mabondia waliopigwa sana kichwani. Lakini kwa mchezaji wa futiboli ya kulipwa haikuwahi kuthibitishwa. Omalu na wenzake waliuita ugonjwa huo CTE, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo yao kwenye jarida la kitabibu.

Madaktari waliokuwa kwenye kamati ya NFL walitaka makala hiyo iondolewe. Haikuondolewa. Omalu akapata wa pili: Terry Long, naye alicheza safu ileile ya mbele ya Steelers, naye alikufa kijana, mwaka 2005. Baadaye walifuata wengine. Mwishoni mwa mwaka 2009 NFL ilianza kukiri kuwa kugongwa kichwa kunaweza kuleta madhara ya kudumu, na ikaweka kanuni kwamba mchezaji mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo asirudi uwanjani siku hiyo. Mwaka 2013 ilikubali kulipa dola milioni 765 kumaliza madai ya maelfu ya wachezaji wa zamani, na ukomo wa kiasi hicho ukaja kuondolewa. Mwaka 2015 simulizi hii ilitengenezewa filamu.

Linatuhusu nini?

Kisayansi bado kuna maswali. CTE huthibitishwa baada ya kifo tu, na si kila anayegongwa huupata. Mwaka 2017 watafiti wa Boston waliuona kwenye bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa NFL walizozichunguza, lakini nyingi zilitolewa na familia zilizokwishaona dalili, kwa hiyo idadi hiyo haimaanishi karibu kila mchezaji anao.

Sisi huku hatuchezi futiboli ya Kimarekani. Ila tunacheza soka, tunapigana ndondi, na tunapanda bodaboda. Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyesifika kwa kufunga kwa kichwa, alifariki Januari 2002, miezi michache kabla ya Webster, na naye baadaye alikutwa na CTE. Mara ngapi kwenye ligi ya kata umeona vijana wawili wamegongana vichwa, mmoja anayumba, anamwagiwa maji, anapigiwa makofi na kuambiwa akaze aendelee?

Mchezaji aliyegongwa akachanganyikiwa, akatapika, akasahau matokeo ya mechi au akazimia hata kwa sekunde, atolewe na asirudi siku hiyo. Dalili zikizidi, awahishwe kituo cha afya. Kocha asiogope kelele za jukwaani. Na katika familia, mtu aliyewahi kupigwa sana kichwani akianza kubadilika tabia, tusikimbilie kusema ni pombe, ni laana au kiburi. Huenda ni ugonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali.

Mike Webster aliishi miaka yake ya mwisho akihukumiwa kwa jambo lililokuwa jeraha la kazini. Steelers hawajampa mtu mwingine jezi namba 52 kwa kawaida ya kuiheshimu, na kichwa chake cha sanamu ya shaba kipo Canton pamoja na mashujaa wengine. Wanaomtazama leo wanajua jambo ambalo waliomshangilia akiwa hai hawakulijua.