Nikolai Vavilov: Mkusanyaji wa Mbegu Aliyekufa kwa Njaa

Ndugu mtahiniwa, habari hii ni wasifu. Anayesimulia si mwenye maisha yenyewe. Angejisimulia mwenyewe ingekuwa tawasifu, na hapo ndipo wengi hupoteza alama.

Nikolai Ivanovich Vavilov alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka 1887. Alikuwa bado mtoto mdogo njaa ya 1891 ilipoua watu wengi nchini mwake. Alisomea kilimo mjini humo, kisha mwaka 1913 akaenda Uingereza kujifunza elimu ya urithi kwa William Bateson, aliyezieneza kanuni za Mendel, zile zile unazosoma kwenye Baiolojia.

Ili uelewe kazi yake, mfikirie mkulima wa mpunga hapa Lindi, katika bonde la Lukuledi. Supa yake inanukia vizuri na haikosi mnunuzi, lakini ni ndefu; suke likijaa na upepo ukavuma, hulala chini. SARO 5, iliyotoka kituo cha utafiti cha KATRIN kule Ifakara, ni fupi, hukomaa mapema na huzaa zaidi. Mbegu ya namna hiyo haiokotwi njiani. Mtaalamu huchagua wazazi wawili wenye sifa anazozitaka, huondoa stameni katika ua la mmoja kabla hazijapasuka, humwagia chavua ya mwenzake, kisha huotesha na kuchagua kizazi baada ya kizazi, kwa miaka. Wazazi wenye sifa wasipopatikana, hana la kufanya.

Vavilov aliamua kuwatafuta wazazi hao duniani kote. Kuanzia mwaka 1921 aliongoza taasisi ya mimea katika mji ulioitwa baadaye Leningrad, ambao leo ni Saint Petersburg. Alikwishafika Uajemi mwaka 1916. Akaenda Afghanistan mwaka 1924, na mwishoni mwa 1926 akashuka Djibouti kuelekea Ethiopia. Huko alipokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie, akasafiri na msafara wa nyumbu hadi Eritrea. Alikuta aina nyingi za shayiri, ulezi, mtama na tefu, na hata ngano ngumu isiyo na ndevu. Hoja yake ilikuwa kwamba mahali penye aina nyingi zaidi za zao ndipo lilipoanzia. Hoja hiyo ina kasoro zake: wataalamu wa leo wanaweka chimbuko la mtama mashariki ya Sudani. Hata hivyo, nafaka yenye jina sawa na mji wetu wa Mtama hapa Lindi haikutoka mbali sana na njia aliyopita.

Kufikia mwaka 1940 taasisi yake ilikuwa na hazina ya mbegu kubwa kuliko zote duniani. Lakini Trofim Lysenko, mtu wa kilimo aliyezikataa kanuni za Mendel, alikuwa amepata sikio la Stalin kwa kuahidi mavuno ya haraka. Vavilov alikataa kuzikana kanuni hizo. Alikamatwa Agosti 1940 akiwa safarini Ukraine kukusanya mbegu. Mwaka 1941 alihukumiwa kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Hakuimaliza. Alifariki katika gereza la Saratov tarehe 26 Januari 1943, mwili umekwisha kwa kukosa chakula.

Wakati huo huo majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameuzingira mji wa Leningrad. Watumishi wa taasisi walikaa na magunia ya nafaka na hawakuyagusa. Kadhaa walikufa njaa. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, alikufa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga.

Mwaka 1955, miaka 12 baada ya kifo chake, hukumu ya Vavilov ilifutwa. Baadaye taasisi ikapewa jina lake, na mbegu alizotoka nazo Ethiopia bado zinatunzwa humo.