Finch Hatton: Mwindaji aliyeanguka na ndege yake Voi

Na Mwandishi Wetu, Moshi

WASAFIRI wanaotoka Moshi kwenda Mombasa kupitia Taveta hupita Voi, pengine bila kujua kwamba hapo ndipo yalipokatika maisha ya mmoja wa wawindaji mashuhuri waliopata kuishi Afrika Mashariki.

Denys Finch Hatton alizaliwa London Aprili 24, 1887, katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza, akasoma Eton na Oxford. Mwaka 1911 alifika katika nchi ambayo leo ni Kenya, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka alipigana dhidi ya Wajerumani katika ukanda huu.

Baada ya vita akawa kiongozi wa misafara ya uwindaji, akaaminiwa hata na mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, aliyekuja kuwinda mwaka 1928. Hata hivyo, ni mwindaji huyo huyo aliyeandika katika gazeti la The Times la London kuwalaani watu waliokuwa wakiwaua simba wa Serengeti huku wameketi ndani ya magari.

Mwaka 1930 alinunua Gipsy Moth, ndege nyepesi ya viti viwili isiyo na paa, akaanza kuitumia kutafuta makundi ya tembo. Rafiki yake Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, alipanda naye mara nyingi.

Mei 1931 alikwenda Voi kwa kazi hiyo ya tembo. Rubani Beryl Markham, kwa maelezo yake mwenyewe, alialikwa katika safari hiyo lakini mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, akamsihi asiende. Aliyekwenda ni Kamau, mtumishi wa Finch Hatton.

Asubuhi ya Mei 14 ndege ilipaa, ikazunguka juu ya uwanja, kisha ikaporomoka na kuwaka moto. Wote wawili walikufa. Muda mfupi baada ya kupaa ndio wa hatari kubwa kwa ndege ndogo: mwendo ni hafifu, ardhi i karibu, na mabawa yakishindwa kuibeba, rubani hana kimo cha kuiokoa.

Filamu ya mwaka 1985, ambamo Robert Redford aliigiza nafasi yake, iliueneza umaarufu wa Finch Hatton duniani. Kamau, aliyekufa katika moto uleule, wasimulizi wengi humtaja kwa mstari mmoja tu.

Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong. Siku isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana kutoka huko, upande wa kusini.