Koitalel arap Samoei: Orkoiyot wa Mpakani

Mtu anayesimama katika mtaa wa Nyalenda, mjini Kisumu, akiwa amelipa ziwa kisogo, huiona kwa mbali milima ya Nandi imeinuka ghafla juu ya uwanda. Siku hizi umbali huo ni safari fupi ya matatu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ulikuwa mpaka. Wajaluo wa Kano waliwaita watu wa milimani Lang'o, na ngano yao mashuhuri ya Luanda Magere, shujaa aliyekuwa jiwe, inawahusu maadui hao hao. Hata hivyo, mpaka huo haukuwa wa mikuki pekee: watu wa pande hizi mbili walibadilishana mazao na mifugo, hususan nyakati za njaa. Juu ya milima hiyo ndiko alikozaliwa Koitalel arap Samoei, yapata mwaka 1860.

Babake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot wa Wanandi. Waandishi wengi hulitafsiri neno hili kuwa mfalme au chifu. Tafsiri zote mbili zinapotosha. Wanandi hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila eneo yaliamuliwa na baraza la wazee. Orkoiyot alikuwa mwaguzi: alibariki vita, akatabiri mvua na misiba, na wajumbe wake wakapeleka kauli yake katika mabaraza. Isitoshe, ukoo wake wa Talai ulikuwa na asili ya Kimaasai. Kwa hiyo aliyetazamwa kama nguzo ya jamii alitoka katika ukoo wa wageni, na cheo chake kilidumu maadamu baraka zake zilizaa matunda.

Kimnyole aliyaona hayo kwa macho yake. Sotoka ilipowaangamiza ng'ombe na uvamizi alioubariki ukaleta maafa, Wanandi walimlaumu, nao wakampiga marungu hadi akafa mwaka 1890. Masimulizi yanaeleza kwamba kabla ya kufa alitabiri ujio wa wageni weupe, na nyoka wa chuma atemaye moshi ambaye angetoka bahari ya mashariki kuja kukata kiu katika ziwa la magharibi. Wanawe wawili waligombea nafasi yake. Jamii ikagawanyika hadi mwaka 1895, Koitalel aliposhinda na nduguye, Kipchomber arap Koilegei, akakimbilia kwa Wakipsigis.

Mwaka huo huo ndipo vita na Waingereza vilipoanza. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Peter West, aliuawa katika nchi ya Nandi, na jeshi likatumwa kuadhibu. Misafara ya aina hiyo ilirudiwa mwaka 1897, 1900, 1903 na 1905. Wanandi hawakupigana kwa kupanga safu. Walishambulia usiku, wakatoweka misituni. Walikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, na vyuma vya reli wakavifua kuwa silaha. Nyoka aliyetabiriwa alifika ziwani mwezi Desemba 1901, pale palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu. Ili afike huko ilimlazimu kupita chini ya milima ya Nandi, na kwa serikali iliyokwisha kutumia mamilioni ya pauni, jirani asiyetii kando ya reli hakuweza kuvumilika.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani huko Ketbarak, karibu na mahali ulipo mji wa Nandi Hills. Kapteni Richard Meinertzhagen alimpiga risasi akamuua, na wafuasi zaidi ya ishirini wakauawa pamoja naye. Wanandi husimulia kwamba alipigwa akiwa amenyoosha mkono kutoa salamu. Meinertzhagen alidai kuwa alikuwa ametegewa mtego. Mabaraza matatu ya uchunguzi ya kijeshi hayakumtia hatiani, ila mwaka 1906 aliondolewa nchini. Kwa muda mrefu maelezo yake yalichukuliwa kuwa ushahidi, kwa kuwa yaliandikwa, ilhali ya Wanandi yaliitwa hadithi. Baadaye wataalamu wa ndege walibaini kuwa Meinertzhagen huyo huyo aliiba ndege waliohifadhiwa katika makumbusho na kughushi maelezo ya mahali walikopatikana. Anayeshikilia kwamba wino ni mkweli kuliko ulimi hana budi kulijibu hilo.

Baada ya kifo hicho upinzani haukudumu. Mamia ya Wanandi waliuawa, maelfu ya ng'ombe wakatwaliwa, na waliokaa kando ya reli upande wa kusini wakahamishwa. Ardhi yao ikagawiwa walowezi. Fimbo tatu za uongozi ambazo Meinertzhagen alizichukua zilikaa Uingereza kwa miaka mia moja, hadi familia yake ilipozirudisha mwaka 2006.

Ukoo wa Talai haukusahauliwa na serikali. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa Watalai wa Kipsigis, nao wakapelekwa Gwassi, ufuoni mwa Ziwa Victoria, mahali palipojaa mbung'o na mbu. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel aliyeurithi uorkoiyot, alikuwa amekamatwa tangu mwaka 1923. Alizuiliwa kwa takriban miaka arobaini, sehemu yake katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya ziwa lile lile ambalo babu yake alisema nyoka angelinywa. Aliachiliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa tayari imepata uhuru.